Kidude Cheusi Chenye Miguu Minane

Somo letu la leo ni la ufundi. Tutajifunza juu ya kidude kimoja kidogo ambacho kimo ndani ya redio, ndani ya simu na ndani ya taa nyingi za nguvu ya jua. Mafundi wa redio hukiita aisii. Wengi wetu tumekiona fundi anapofungua redio. Ni kidude cheusi, kina miguu kama tandu, kimekaa kimya juu ya kibao. Tukadhani ni kitu cha wataalamu tu. Si kweli. Mtu anayejua kusoma na kuhesabu anaweza kukitumia nyumbani kwake. Sisi tulikitumia kijijini kwetu, nacho kikatuondolea ugomvi mkubwa.

Someni pole pole. Kama mna kikundi cha kisomo, someni pamoja, mmoja asome kwa sauti na wengine wafuatishe.

MAJI YALIYOMWAGIKA

Kijijini kwetu tuna tangi la maji juu ya kilima. Pampu iko bondeni na inaendeshwa kwa dizeli. Mtunza pampu ni mzee mmoja tunayemheshimu. Kazi yake ni kuwasha pampu asubuhi, kungoja tangi lijae, halafu kuzima. Hukaa katika kibanda chake, mbali kidogo na kelele za injini. Lakini akiwa pale bondeni halioni tangi. Zamani alikuwa akimtuma mjukuu wake apande kilimani kuchungulia. Mjukuu akaenda kusoma mjini. Basi mzee akawa anakisia tu. Siku nyingine alizima mapema, akina mama wakakosa maji jioni. Siku nyingine alichelewa, maji yakafurika.

Dizeli ikawa inakwisha kabla ya mwezi kwisha. Siku ya mkutano wa kijiji mtu mmoja akasimama akasema, "Mafuta yanauzwa usiku. Huyu mzee abadilishwe." Watu wakanyamaza. Mzee akainuka, akasema maneno machache tu: "Wanangu, mimi sijauza hata kikombe kimoja. Mafuta yenu mnayakanyaga kila siku pale chini ya tangi. Yamegeuka tope." Akaketi. Mwenyekiti akasema shauri hilo litaamuliwa mkutano ujao.

Kesho yake baadhi yetu tulipanda kilimani kutazama. Kumbe ni kweli. Chini ya tangi palikuwa na korongo lililochimbwa na maji. Fikirini wenyewe: kila debe la maji linalomwagika pale limepandishwa kilimani kwa dizeli iliyonunuliwa kwa fedha za wote.

Jioni nikauliza katika kikundi chetu cha kisomo, "Jamani, hakuna kitu cha kumwambia mzee kwamba tangi limejaa?" Fundi redio wa pale sokoni, ambaye alijifunza kusoma pamoja nasi, akacheka. Akasema, "Ndugu yangu, hiyo ni kazi ya aisii moja na betri nne za tochi." Hapo ndipo masomo yetu yalipoanza.

AISII NI NINI?

Umeme unapita katika njia, kama maji yanavyopita katika mfereji. Njiani huwekwa vifaa vya kuuongoza. Rezista hupunguza umeme, kama bomba jembamba linavyopunguza maji. Kapasita huweka akiba ya umeme, kama debe linavyoweka maji. Transista hufungua na kufunga njia, kama mlango wa mfereji shambani. Transista ya kwanza ilitengenezwa Marekani mwaka 1947.

Hapo zamani kila kifaa kilisimama peke yake. Fundi alilazimika kuviunganisha kimoja kimoja kwa waya na lehemu. Chombo chenye vifaa 1,000 kilikuwa na maelfu ya maungio, na ungio moja tu likilegea, chombo kizima hakifanyi kazi.

Mwaka 1958 mhandisi mmoja wa Marekani, jina lake Jack Kilby, alianza kazi katika kampuni ya Texas Instruments mjini Dallas. Mwezi wa Julai wenzake wengi walikwenda likizo. Yeye alikuwa mgeni kazini, hakuwa bado na haki ya likizo, akabaki peke yake. Katika upweke ule akawaza: kwa nini tutengeneze vifaa mbali mbali kisha tuviunganishe? Kwa nini tusivitengeneze vyote pamoja katika kipande kimoja? Tarehe 12 Septemba 1958 aliwaonyesha wakubwa wake kipande kidogo kilichofanya kazi hiyo. Mwaka uliofuata, 1959, Mmarekani mwingine, Robert Noyce wa kampuni ya Fairchild, alipata njia nzuri zaidi ya kufanya hivyo kwa silikoni. Silikoni hupatikana kutokana na mchanga, ingawa ni lazima isafishwe sana. Mwaka 2000 Kilby alipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Noyce alikuwa amekwisha kufariki mwaka 1990.

Basi, aisii ni hiyo: vifaa vingi vya umeme na njia zake, vyote vimetengenezwa pamoja juu ya kipande kimoja kidogo cha silikoni. Ni kama kijiji kizima, pamoja na nyumba na barabara zake, kimejengwa juu ya punje ya mchele. Ule weusi tunaouona ni koti tu la kukilinda. Miguu ndiyo barabara za kuingilia na kutokea. Ndani ya simu za kisasa za kugusa mna aisii zenye transista zaidi ya bilioni moja. Lakini sisi tutaanza na ndogo.

AISII YA 555

Aisii tuliyoitumia huitwa 555. Mafundi wengi duniani huanza kujifunza kwayo, kwa sababu ni rahisi, ni imara na bei yake ni ndogo. Sisi tuliinunua mjini kwa bei pungufu ya zile betri nne.

Aliyeibuni ni Hans Camenzind. Alizaliwa Uswisi akahamia Marekani. Mwaka 1971 aliichora kwa mkono kwa ajili ya kampuni ya Signetics huko California. Mchoro wake wa kwanza ulihitaji miguu 9. Ulikuwa umekwisha kukubaliwa, lakini yeye hakuridhika. Siku chache baadaye akapata njia ya kupunguza mguu mmoja, ikabaki miguu 8. Kwa hiyo ikaweza kuingia katika koti dogo zaidi na la bei nafuu. Ilianza kuuzwa mwaka 1972. Camenzind alifariki mwaka 2012, lakini aisii yake inatengenezwa mpaka leo. Ndani yake mna transista zipatazo 25 na rezista zipatazo 15.

Je, kazi ya 555 ni nini? Ni kuhesabu muda. Huwasha na kuzima, kuwasha na kuzima, kwa muda unaoutaka wewe.

INAVYOFANYA KAZI

Hebu tumrudie yule mtunza pampu wetu. Tuseme tangi lina alama mbili. Alama ya chini iko kwenye theluthi moja, na alama ya juu iko kwenye theluthi mbili. Maji yakishuka hadi alama ya chini, mzee anaanza kujaza. Yakipanda hadi alama ya juu, anaacha kujaza na kufungua maji yatoke. Yakishuka tena, anajaza tena. Akifuata kanuni hiyo bila kuchoka, maji yatapanda na kushuka mchana kutwa kwa mwendo ule ule.

Aisii ya 555 hufanya hivyo hivyo. Tangi lake ni kapasita ambayo sisi tunaifunga nje. Bomba la kujazia na la kutolea ni rezista. Ndani ya aisii mna rezista tatu zilizo sawa, kila moja ya omu 5,000, ambazo hugawa nguvu ya betri katika mafungu matatu. Betri zetu nne za tochi, kila moja ya volti 1.5, hufanya volti 6. Gawanya kwa 3. Kwa hiyo alama ya chini ni volti 2, na alama ya juu ni volti 4.

Watu wengi husema jina 555 limetokana na hizo rezista tatu za 5,000. Camenzind mwenyewe alieleza kwamba sivyo, namba hiyo ilichaguliwa tu na mtu wa mauzo katika kampuni.

Sasa angalieni jambo moja muhimu. Kapasita ikiwa kubwa, ni kama debe kubwa: huchelewa kujaa. Kapasita ikiwa ndogo, ni kama kikombe: hujaa upesi. Ukitaka taa iwake na kuzimika pole pole, weka kapasita kubwa. Ukitaka mwendo wa haraka, weka ndogo. Aisii ni ile ile. Hiyo ndiyo faida yake.

KUHESABU MIGUU

Weka aisii mezani, miguu ikiwa chini na mgongo juu. Upande mmoja wa mgongo utaona kipengo, yaani mahali palipokatwa kidogo. Nyingine zina nukta ndogo badala ya kipengo, nayo huwa karibu na mguu wa 1. Geuza kipengo kielekee mbali nawe. Sasa anza kuhesabu kutoka juu kushoto. Shuka upande wa kushoto: 1, 2, 3, 4. Vuka kwenda kulia kule chini, kisha panda: 5, 6, 7, 8. Kwa hiyo mguu wa 8 unatazamana na mguu wa 1.

Kazi za miguu ni hizi:

Mguu wa 1: huungwa upande wa hasi wa betri.
Mguu wa 2: huchungulia alama ya chini.
Mguu wa 3: hutoa umeme wa kuwasha taa au kupiga sauti.
Mguu wa 4: hulazimisha aisii kusimama. Sisi hatutautumia hivyo, tutaufunga kwenye mguu wa 8.
Mguu wa 5: hubadilisha alama. Tutauacha mtupu.
Mguu wa 6: huchungulia alama ya juu.
Mguu wa 7: hutoa umeme uliomo katika kapasita.
Mguu wa 8: huungwa upande wa chanya wa betri.

Ndugu zangu, msiruke sehemu hii. Mimi niliiruka. Siku ya kwanza tulikusanyika nyumbani kwangu usiku, na yule mzee mtunza pampu alikuja akaketi pembeni kutazama. Mimi kwa haraka nikageuza aisii kichwa chini. Chanya ikaingia mguu wa hasi. Tukaunga betri. Kitaa hakikuwaka. Nikagusa mgongo wa aisii kwa kidole, nikaruka. Ilikuwa ya moto kama kaa. Imekwisha kuungua, na ilinunuliwa kwa mchango wa kikundi. Nikaona haya sana. Mzee akasema, "Mwanangu, usifadhaike. Mimi nimekisia tangi, na wewe umekisia miguu. Wote tumeona hasara yake." Tangu siku hiyo tukaweka kanuni: mmoja anafunga, mwingine anahesabu kwa sauti, na betri inaungwa mwisho.

VIFAA VYA KUNUNUA

1. Aisii ya 555, moja. Nunueni mbili kama mnaweza.
2. Rezista ya omu 10,000. Rangi zake ni kahawia, nyeusi, chungwa.
3. Rezista ya omu 68,000. Rangi zake ni bluu, kijivu, chungwa.
4. Rezista ya omu 330. Rangi zake ni chungwa, chungwa, kahawia.
5. Rezista ya omu 47. Rangi zake ni manjano, zambarau, nyeusi.
6. Kapasita ya mikrofaradi 10 na nyingine ya mikrofaradi 100.
7. Kapasita ndogo ya mikrofaradi 0.01. Mara nyingi huandikwa 103.
8. Kitaa kimoja chekundu cha LED.
9. Spika ndogo ya omu 8. Ya redio mbovu inafaa.
10. Betri nne za tochi na nyumba yake.
11. Swichi ndogo na waya.
12. Ubao wa plastiki wenye vitundu. Mafundi huutumia kwa majaribio. Vifaa huchomekwa tu, havilehemiwi.

Rezista hizi zina mistari mitatu ya rangi, na wa nne huwa wa dhahabu. Someni kuanzia upande ulio mbali na dhahabu. Rezista haina hasi wala chanya, waweza kuifunga vyo vyote. Lakini kapasita ya 10 na ya 100 zina hasi na chanya. Ubavuni zina mstari wenye alama ya kutoa. Mguu ulio upande huo ni hasi. Kitaa nacho kina mguu mrefu na mfupi. Mrefu ni chanya.

JARIBIO LA KWANZA: KITAA CHA KUKONYEZA

Fuateni hatua hizi. Kila hatua ikikamilika, iwekeeni alama ya kalamu.

Hatua ya 1. Chomeka aisii katikati ya ubao, miguu minne huku na minne huku.
Hatua ya 2. Unga mguu wa 4 na mguu wa 8 kwa waya.
Hatua ya 3. Unga mguu wa 2 na mguu wa 6 kwa waya.
Hatua ya 4. Weka rezista ya 10,000 kati ya mguu wa 8 na wa 7.
Hatua ya 5. Weka rezista ya 68,000 kati ya mguu wa 7 na wa 6.
Hatua ya 6. Weka kapasita ya mikrofaradi 10. Chanya kwenye mguu wa 2, hasi kwenye mguu wa 1.
Hatua ya 7. Kutoka mguu wa 3, weka rezista ya 330. Mwisho wake uunge na mguu mrefu wa kitaa. Mguu mfupi wa kitaa uunge na mguu wa 1.
Hatua ya 8. Hesabuni upya miguu yote.
Hatua ya 9. Unga hasi ya betri kwenye mguu wa 1, na mwisho kabisa chanya kwenye mguu wa 8.

Kitaa kitawaka karibu nusu sekunde na kuzimika karibu nusu sekunde. Yaani kitakonyeza kama mara moja kwa kila sekunde. Kisipowaka, toa betri kwanza, halafu tazama: Je, aisii imegeuzwa? Je, kitaa kimegeuzwa? Je, waya mmoja umechomoka?

Ile rezista ya 330 isiachwe. Ndiyo inayozuia umeme usikiunguze kitaa.

JARIBIO LA PILI: KING'ORA

Sasa tunabadilisha debe kwa kikombe. Toa betri. Ondoa kapasita ya mikrofaradi 10, na mahali pake weka ile ndogo ya 0.01. Hii haina hasi wala chanya. Ni ndogo mara 1,000 kuliko ya kwanza. Kwa hiyo aisii itawasha na kuzima kama mara 1,000 kwa sekunde. Jicho haliwezi kufuata mwendo huo, utaona kitaa kinawaka tu bila kukonyeza. Lakini sikio litausikia. Sauti ni mtetemo. Kitu kinachotetema mara 1,000 kwa sekunde hutoa mlio mkali.

Kuleta mlio, chukua ile kapasita ya mikrofaradi 10 uliyoiondoa. Unga chanya yake kwenye mguu wa 3, mahali pale pale pa kitaa. Hasi yake iunge na rezista ya 47. Mwisho wa rezista uunge na spika. Waya wa pili wa spika uunge na mguu wa 1. Kisha weka kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya mguu wa 8 na wa 1, chanya ikiwa kwenye 8. Hiyo ni akiba ya umeme karibu na aisii, ili isiyumbe. Sasa unga betri. Utasikia, "Piiiii!"

Siku ile tuliposikia mlio huo, akina mama waliokuwa jikoni walikuja mbio. Mama mmoja akauliza, "Huyo ni mdudu gani?" Tukamwambia, "Ni mdudu wa kulinda maji, mama."

SWICHI YA KUELEA

King'ora kinahitaji kujua kwamba tangi limejaa. Sisi tulifanya hivi. Tulichukua chupa tupu ya maji ya plastiki, tukakaza kifuniko. Tukaifunga kwenye ncha ya fito, na fito tukaitoboa na kuipigilia msumari ukingoni mwa tangi, iweze kupanda na kushuka. Juu ya fito, chini ya mfuniko wa tangi, tuliweka vipande viwili vyembamba vya shaba, kimoja juu ya kingine, bila kugusana. Maji yakipanda, chupa huelea na kuinua fito. Fito husukuma shaba ya chini ikagusa ya juu. Umeme unapita. Maji hayagusi shaba kabisa, kwa hiyo hazipati kutu upesi.

Waya wa nyuzi mbili unashuka kutoka kilimani hadi kibandani kwa mzee, kiasi cha hatua 150. Uzi mmoja unatoka chanya ya betri hadi shaba ya kwanza. Uzi wa pili unatoka shaba ya pili, unarudi hadi mguu wa 8. Hasi ya betri inakwenda moja kwa moja mguu wa 1. Pale kibandani tuliweka swichi kwenye njia ya chanya. Mzee akiwasha pampu, anawasha na swichi. King'ora kikilia, anazima pampu na swichi. Tangi likiwa halijajaa, umeme haupiti, kwa hiyo betri hudumu muda mrefu.

TAHADHARI

Ndugu wasomaji, umeme mdogo wa betri za tochi hauui. Lakini shikeni maonyo haya:

Kwanza, kamwe msiunge kifaa hiki na umeme wa ukutani. Huo ni volti 230. Huua mtu.

Pili, aisii ya 555 hupenda kati ya volti 4.5 na 15. Betri zikichoka, kila moja ikabaki volti 1.1, zote nne ni volti 4.4 tu, na king'ora hakiaminiki. Badilisheni.

Tatu, msiunge aisii moja kwa moja na paneli ya jua. Paneli inayoitwa ya volti 12 huweza kutoa kama volti 20 jua likiwa kali. Aisii itaungua. Betri ya gari nayo si ya wanaoanza, maana waya zake zikigusana huweza kushika moto.

Nne, waya mrefu huweza kuvuta radi. Sisi tuliuzika ardhini kina cha jembe. Mawingu ya radi yakitanda, mzee hagusi waya wala hapandi tangini.

Tano, mkilehemu, fanyeni mahali penye hewa. Lehemu nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Naweni mikono kabla ya kula, na watoto wasichezee mabaki.

Sita, msiamini kifaa peke yake. Kila wiki mtu mmoja apande, ainue fito kwa mkono, na mzee asikilize kama kinalia.

MKUTANO WA PILI

Mkutano wa kijiji ulipofika, mwenyekiti aliuliza habari za dizeli. Mwezi ule ilikuwa imebaki. Chini ya tangi palikuwa pakavu, na majani yalikuwa yameanza kuota katika lile korongo. Yule mtu aliyemshtaki mzee akasimama. Akasema, "Shikamoo, mzee." Mzee akajibu, "Marahaba, mwanangu." Akasema, "Nilikosea mbele ya watu, na naomba radhi mbele ya watu." Mzee akamwambia, "Yamekwisha. Lakini wiki hii zamu ya kupanda kilimani kujaribu fito ni yako." Watu wakacheka sana.

Mimi nilijifunza jambo moja, nalo nawaachia ninyi. Mzee wetu hakuwa mwizi, wala hakuwa mvivu. Alikosa habari tu: tangi limejaa au halijajaa. Kidude cha miguu minane kilimpa habari hiyo. Mahali penye kukisia kuna hasara na kusingiziana. Mahali penye kupima kuna amani. Hebu tazameni katika kijiji chenu: ni wapi watu wanakisia na kulaumiana, ambapo wangeweza kupima?

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini aisii ni bora kuliko vifaa vingi vilivyounganishwa kimoja kimoja?
2. Ukiwa na betri tatu tu za tochi, kila moja ya volti 1.5, jumla ni volti ngapi? Je, zinatosha kwa aisii ya 555? Zikichoka kidogo itakuwaje?
3. Betri zikiwa za volti 9, alama ya chini na alama ya juu zitakuwa volti ngapi?
4. Ukitaka kitaa kikonyeze pole pole zaidi, utabadilisha nini?
5. Chora aisii ya 555 na uandike namba za miguu yote minane. Mwenzako akague.
6. Kwa nini tuliweka swichi kibandani kwa mzee? Nini kingetokea bila hiyo?
7. Katika kijiji chenu, king'ora cha namna hii kingefaa kwa kazi gani nyingine?